Sumaku iliyotulia haizai umeme: uzi wa induksheni, kuanzia pete ya Faraday hadi mota ya mashine ya kusaga

Fundi Msukaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi wa kusuka mota, huu ni mwaka wa 17. Karibu kila wiki mteja anasimama mezani kwangu, anaitazama mota niliyoifungua, halafu anauliza swali lile lile: "Fundi, umeme unaingiaje kwenye hicho chuma cha katikati, mbona hakina waya?" Wiki hii kuna kijana kaniletea sumaku sita za spika akitaka nimtengenezee jenereta isiyotumia mafuta, kwa sababu ameona video. Pesa alikuwa nayo mkononi. Nilimwambia airudishe mfukoni, tukakaa tukaongea karibu saa nzima. Nimeona yale niliyomweleza niyaweke hapa, maana najua si yeye peke yake.

Tatizo linaanzia hapa: watu wengi wanaamini umeme umo ndani ya sumaku kama maji yalivyo ndani ya dafu, na kwamba kazi ya waya ni kuunyonya tu. Haumo. Chukua sumaku kali kuliko zote unazoweza kupata, iweke ndani ya koili ya waya, iache humo hadi Idi ijayo. Hupati kitu. Isogeze, mita inacheza. Isimamishe, mita inarudi sifuri papo hapo. Kinachozaa umeme ni badiliko, na kuzaa umeme kwa njia hiyo ndiko kunaitwa induksheni. Sumaku ikitulia na waya ukatulia, hakuna biashara.

Msidhani hili ni jambo jepesi kuliona. Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted kule Copenhagen aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Kwa hiyo ikajulikana kwamba umeme unazaa usumaku. Wataalamu Ulaya nzima wakaanza kujiuliza: je, sumaku nayo haiwezi kuzaa umeme? Walihangaika miaka 11. Wengi waliweka sumaku kali karibu na waya, wakasubiri, wakatazama mita, wakaona imelala tu.

Kisa cha Jean-Daniel Colladon wa Geneva, mwaka 1825, ndicho kinachoniuma zaidi. Alikuwa na koili, alikuwa na sumaku, alikuwa na galvanomita (mita ya kupima mkondo mdogo wa umeme). Kila kitu kipo. Akahofia sumaku yake isije ikavuta sindano ya galvanomita moja kwa moja na kumdanganya, kwa hiyo akaipeleka galvanomita chumba cha pili na kuvuta waya mrefu. Tahadhari nzuri kabisa ya kitaalamu. Anaingiza sumaku kwenye koili, anatembea hadi chumba cha pili, anatazama: sifuri. Anarudi, anajaribu tena. Sifuri. Umeme ulikuwa unapita kweli, lakini ulipita wakati yeye yuko njiani. Angekuwa na mtu mmoja tu wa kumkalia kwenye mita, leo tungekuwa tunalitaja jina lake.

Aliyefanikiwa ni Michael Faraday, London, tarehe 29 Agosti 1831. Mtoto wa mhunzi huyu, hakusoma sana shule, alianza akiwa mwanafunzi wa kazi kwa fundi wa kujalidi vitabu na akawa anavisoma vile vitabu alivyoletewa kuvishona. Alitengeneza pete ya chuma laini, upana wake inchi 6 kwa nje, unene inchi 7/8. Upande mmoja akazungusha waya wa shaba, upande wa pili waya mwingine, na kwa kuwa enzi hizo hakukuwa na waya wa vanishi (uliopakwa utando usiopitisha umeme) kama huu wetu, kila raundi aliitenga na mwenzake kwa kamba na vipande vya kitambaa. Mtu aliyewahi kusuka anaelewa huo uvumilivu. Waya wa upande wa pili aliupitisha juu ya sindano ya dira, kama meta moja kutoka kwenye pete.

Akaunganisha betri upande wa kwanza. Sindano ikashtuka, ikayumba, ikatulia pale ilipokuwa. Betri bado imeunganishwa, umeme bado unapita, lakini sindano imelala. Akachomoa betri: sindano ikashtuka tena, safari hii kuelekea upande mwingine.

Wengine huenda wangesema meza imetikiswa. Faraday alielewa kwamba mshtuko ule ndio jibu lenyewe. Tarehe 17 Oktoba mwaka huo huo akafanya jaribio jepesi zaidi: mrija wa karatasi uliozungushiwa waya wa shaba, akachomeka ndani yake sumaku ya kipande. Mshale ukaruka. Akaichomoa, ukaruka kinyume.

Kanuni yenyewe kwa lugha ya mezani kwangu: volti unazopata = idadi ya raundi za koili × kasi ambayo sumaku inakatwa na waya. Raundi nyingi, volti nyingi. Haraka zaidi, volti nyingi. Kasi sifuri, volti sifuri.

Naendelea kesho. Maswali karibuni.

---

mwl_fizikia

Mkuu, nafundisha fizikia sekondari na nimeusoma uzi wote. Nina sahihisho moja tu. Umesema "sumaku inakatwa na waya". Kwenye dainamo, yaani jenereta ndogo ya kuzungushwa, sawa. Lakini kwenye pete ya Faraday uliyoieleza vizuri hapo juu, waya haukusogea na chuma hakikusogea. Nani kamkata nani?

Mimi huwaambia wanafunzi hivi: fikiria mdomo wa koili kama dirisha. Hesabu usumaku unaopita dirishani. Ukiongezeka, umeme unazaliwa. Ukipungua, umeme unazaliwa kwa mwelekeo wa kinyume. Usipobadilika hakuna kitu, hata kama ni mwingi kiasi gani. Unaweza kuubadilisha kwa kusogeza sumaku, kwa kuzungusha koili, au kwa kuwasha na kuzima umeme wa koili ya jirani. Njia ni nyingi, sheria ni moja.

---

Fundi Msukaji

Mwalimu, shikamoo na ahsante. Nakubali bila ubishi. "Kukata" ni neno letu la karakana na linatosha kwa mashine inayozunguka, ila kwenye transfoma linakwama. Wakuu, shikeni hilo dirisha la mwalimu, nitalitumia hadi mwisho.

---

kidato3

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, hili jaribio naweza kulifanya nyumbani? Shuleni galvanomita ipo moja na haifanyi kazi.

---

Fundi Msukaji

Marahaba mdogo wangu. Unaweza, na hutatumia pesa nyingi.

Nenda kwa fundi yeyote wa mota, muombe waya wa vanishi mwembamba uliobaki, wengi watakupa bure. Tafuta mrija wa karatasi ngumu, ule wa katikati ya karatasi za chooni unafaa, na kumbuka Faraday naye alitumia karatasi. Zungusha raundi 300 kwa mwelekeo mmoja, usigeuze katikati. Acha ncha mbili ndefu kidogo, uzikwangue vanishi kwa wembe hadi shaba ing'ae. Hapo ndipo wengi wanapokosea: vanishi haionekani kwa macho, mtu anadhani kaunganisha kumbe hajagusa shaba.

Kisha azima mita ya mshale, zile za zamani. Ya tarakimu haifai sana kwa kazi hii, inachelewa kusoma na mshtuko unapita kabla haijaamka. Hapo utakuwa umerudia kosa la Colladon bila kutoka chumbani. Weka kwenye kipimo kidogo kabisa cha DC (umeme usiogeuka mwelekeo). Chukua sumaku ya spika mbovu, isukume ghafla hadi mdomoni mwa mrija. Angalia mshale wakati mkono UNAKWENDA, si ukishafika.

Halafu rudia polepole kabisa. Halafu igeuze sumaku uso wa pili. Kila mara andika mshale umekwenda upande gani na umefika wapi. Ukimaliza rudi hapa utuambie.

---

jua_kali_mtaani

Kaka fundi, hapo kwenye jenereta isiyotumia mafuta umeruka. Mimi nimeona kwa macho video, mota inazungusha dainamo, dainamo inarudisha umeme kwenye mota, na taa inawaka juu yake. Kama kusogeza sumaku kunazaa umeme, kwa nini isiwezekane? Sumaku si haiishi?

---

Fundi Msukaji

Swali zuri kaka, na ndilo lililonifanya nifungue uzi. Nakuomba unisikilize hadi mwisho.

Umewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo usiku? Zile za kulalia kwenye tairi, volti 6 na wati 3. Ukiibonyeza dainamo kwenye tairi na taa imewaka, pedali inakuwa nzito. Sasa chomoa waya wa taa, uiache dainamo imelala pale pale kwenye tairi. Pedali inapungua uzito. Bado pana msuguano wa tairi na beringi, lakini kuna uzito fulani umeondoka. Uzito ule ulikuwa nini? Sumaku ni ile ile, koili ni ile ile, mwendo ni ule ule. Tofauti ni moja: mkondo ulikuwa unapita, sasa haupiti.

Ule mkondo unaozaliwa kwenye koili nao unageuza koili kuwa sumaku, na sumaku hiyo mpya daima inapinga mwendo ulioizaa. Ukisogeza sumaku kuja, koili inaisukuma irudi. Ukiitoa, koili inaing'ang'ania isiondoke. Heinrich Lenz ndiye aliyeiweka kama sheria, mwaka 1834. Haijawahi kuvunjwa mahali popote.

Kama hunioni mkweli, hili la pili halihitaji hata baiskeli. Tafuta mota ndogo ya DC, ya toi ya mtoto. Izungushe kwa vidole, inakwenda vizuri. Gusanisha waya zake mbili, uzipige shoti, uizungushe tena. Utahisi kama imetiwa gundi. Hakuna betri pale, hakuna umeme wa nje. Wewe ndiye unayezalisha umeme kwa vidole vyako, na shoti inaula wote, na vidole ndivyo vinavyoulipia. Mafundi wa zamani walitumia jambo hili hili kusafirishia mita ya mshale: unapiga shoti matundu yake mawili, mshale unakuwa mzito, hauchezi hovyo njiani.

Kwa hiyo ile mota ya kwenye video ikizungusha dainamo, dainamo inairudishia uzito kamili wa umeme inaoutoa. Ongeza msuguano na joto la waya, lazima vitasimama. Taa ikiendelea kuwaka, ujue chini ya meza kuna betri au waya. Sumaku haiishi, ni kweli, lakini sumaku pale ni kama mpini wa jembe. Mpini nao hauishi, ila anayelima ni wewe.

Na ndivyo ilivyo hata kwenye mitambo mikubwa. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Jioni watu wakiwasha taa na pasi, rota za kule, yaani sehemu zinazozunguka, zinahisi uzito unaongezeka, sawasawa na pedali ya baiskeli. Zisiposaidiwa zitapunguza mwendo na umeme utashuka chini ya mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hiyo milango inafunguliwa zaidi, maji mengi zaidi yanapita. Maji ndiyo yanayolipa.

Yule kijana aliyeniletea sumaku alikuwa tayari kutoa akiba yake yote. Wanaouza ramani za jenereta hizo mtandaoni wanajua wanachofanya. Tafadhali mkiona ndugu anataka kununua, mkalisheni chini mumpe ile mota ya toi aizungushe mwenyewe.

---

jua_kali_mtaani

Nimejaribu na mota ya toi ya mwanangu. Ni kweli inakuwa nzito ukizigusanisha waya. Sikuwahi kujua. Nimekuelewa kaka.

---

sola_kijijini

Fundi, mimi nafunga sola. Kuna mteja ana betri ya volti 12 na ana transfoma nzuri ya kushusha 230 kuwa 12. Anataka aigeuze, aingize 12 upande mdogo apate 230 upande mkubwa. Nimemwambia haiwezekani ila nimeshindwa kumweleza kwa nini, maana transfoma kweli inafanya kazi pande zote mbili.

---

Fundi Msukaji

Mkuu, mwambie asithubutu. Mimi nilifanya hilo kosa nikiwa bado najifunza kazi, kwa betri ya gari. Koili ilianza kutoa moshi kabla sijajua kilichotokea, na vidole viliungua nilipoivuta waya.

Transfoma ni pete ya Faraday ile ile, imebadilishwa umbo tu. Kumbuka sindano ilicheza wakati wa kuunga betri na wakati wa kuchomoa, katikati ikalala. Umeme wa betri hauna badiliko. Dirisha la mwalimu limejaa usumaku lakini usumaku umetulia, upande wa pili haupati kitu.

Sasa kwa nini iungue? Kwa sababu koili ikiwa kwenye umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo kila mara) inajikinga yenyewe. Usumaku wake unaobadilika unapita ndani ya dirisha lake mwenyewe pia, unazaa volti zinazosukuma kinyume cha zile zinazoingia, na mkondo unabaki mdogo. Joseph Henry wa Marekani ndiye aliyeieleza tabia hiyo mwaka 1832, na kipimo chake kinaitwa henri hadi leo. Kwenye betri kinga hiyo haipo. Kinachobaki ni ukinzani wa waya mtupu. Koili ya upande wa volti 12 ikiwa na ukinzani wa omu 0.3, gawanya 12 kwa 0.3: ampea 40. Ile haikuwa transfoma tena, ilikuwa jiko.

Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa AC, inafanya nini? Inakatakata umeme wa betri, inaugeuza huku na huku mara 50 kwa sekunde au zaidi, ili badiliko lipatikane. Baada ya hapo transfoma inafanya kazi yake kwa raha.

Hesabu ya transfoma ni uwiano wa raundi. Zile za mtaani zinazopokea volti 11,000 na kutoa 230 kwa kila fezi, kila raundi karibu 48 za upande wa juu zina raundi 1 upande wa chini. Mkondo unakwenda kinyume: ampea 1 juu, karibu ampea 48 chini. Hakuna nguvu iliyoongezeka. Wanaodhani transfoma "inaongeza umeme" wanachanganya volti na nguvu.

Jambo la usalama ukiwa unapima koili kubwa kwa betri: usishike ncha zote mbili kwa mikono mitupu unapochomoa. Ukikata mkondo ghafla, usumaku unaanguka kwa kasi kubwa mno, na kasi ndiyo volti. Betri ya volti 9 inaweza kukurusha. Koili ya pikipiki inatumia hilo hilo makusudi kupata maelfu ya volti ya kurusha cheche kwenye plagi.

---

msagishaji

Fundi, mimi nina mashine ya kusaga mahindi. Mota imeungua mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza ilikuwa umeme mdogo jioni. Nikasukiwa na fundi mwingine, ikakaa miezi miwili, inachemka hata ikiwa haina mzigo, ikaungua tena. Fundi anasema ni umeme, watu wa umeme wanasema ni fundi. Nisaidie.

---

Fundi Msukaji

Pole sana mzee wangu, najua hasara ya mashine kulala na wateja wanapita na ndoo. Nitalijibu hili kwa urefu kwa sababu hapa ndipo kanuni yote ya uzi huu ilipo.

Tazama bamba la mota yako. Nadhani litasomeka 1440, au 1430, au 1450. Halitasomeka 1500. Umewahi kujiuliza kwa nini?

Ndani ya stata, yaani sehemu ya nje ya mota isiyozunguka, hakuna sumaku ya kudumu. Zile koili tunazosuka zimepangwa kwa fezi tatu zinazopokezana, na kwa umeme wa mizunguko 50 na poli 4 (ncha nne za usumaku), usumaku wake unazunguka ndani ya mota mara 1,500 kwa dakika. Chuma kimetulia, koili zimetulia, ila usumaku unazunguka kama upepo wa kisulisuli. Katikati kuna rota, na rota ina fito za alumini zilizofungwa pamoja kwa pete pande mbili, kama tundu la kuku. Hakuna waya unaoingia humo, hakuna brashi.

Usumaku unapoipita rota, madirisha ya lile tundu yanaona badiliko. Mkondo unazaliwa ndani ya alumini. Na Lenz anasema mkondo huo utapinga badiliko lililouzaa. Rota itapingaje badiliko? Kwa kuukimbiza usumaku, ili usiendelee kuipita. Ndiyo maana inazunguka. Rota inafukuza.

Lakini je, ikifika? Rota ikienda 1,500 sawasawa na usumaku, haioni badiliko lolote. Mkondo unakufa, nguvu inakufa, inapunguza mwendo. Kwa hiyo lazima ibaki nyuma daima. 1,500 toa 1,440 ni 60: usumaku unaitangulia rota kwa mzunguko 1 tu kila sekunde, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayosaga mahindi yako. Mimi kila nikiliona lile bamba la 1440 naiona sheria ya Faraday imeandikwa pale kwa chuma.

Sasa umeme mdogo. Volteji ikishuka kutoka 400 hadi 320, wengi wanadhani nguvu imepungua kwa 20%. Hapana. Inashuka kwa mraba, inabaki kama 64%. Mahindi hayajui volteji imeshuka, mzigo ni ule ule. Rota inalemewa, inabaki nyuma zaidi, usumaku unaipita kwa kasi zaidi, mkondo unapanda. Mota inavuta ampea nyingi kuliko ilivyoandikwa na koili zinachemka. Ikikwama kabisa ndiyo balaa: usumaku unaipita rota mara 25 kwa sekunde badala ya 1, na mkondo unaweza kufika mara 5 hadi 7 ya kawaida. Sekunde chache vanishi inanuka. Kwa hiyo ile mara ya kwanza naamini kabisa ni umeme mdogo. Weka kinga ya mzigo iliyowekwa sawasawa na ampea za bamba lako, na kinga ya volteji ndogo. Usikubali mtu akuruke kinga "ili mashine isikate kate". Inakata kwa sababu inaokoa.

Mara ya pili sasa, inayochemka bila mzigo. Hapo namshuku fundi, na nitasema kosa lenyewe kwa sababu ni kosa la karakana nyingi.

Stata haijatengenezwa kwa pande moja la chuma. Imepangwa kwa mabati membamba, kama nusu milimita kila moja, na kila bati limepakwa utando wa kulitenga na mwenzake. Sababu ni ile ile: usumaku unaobadilika hauchagui waya. Unazaa mkondo kwenye chuma chochote kinachopitisha umeme, na stata ni chuma. Ingekuwa pande zima, mikondo mikubwa ingezunguka humo bila kazi yoyote, inachemsha tu. Mabati yanaikatakata njia hiyo.

Mota ikiungua, waya za zamani zimegandana na vanishi na hazitoki. Njia ya mkato ni kumwagia mafuta au kuizungushia kuni, kuwasha moto, na kuvuta waya zikiwa zimelegea. Nimeiona stata ikiwa nyekundu kabisa motoni, na fundi amekaa pembeni anakunywa chai. Ule moto unaunguza utando wa kati ya mabati. Baada ya hapo unaweza kusuka kwa waya bora kabisa, raundi sahihi, vanishi nzuri, lakini mabati yameshikana na chuma chenyewe kimekuwa koili iliyopigwa shoti. Inachemka hata bila mzigo. Dalili ndiyo hiyo hiyo uliyoisema.

Mzee wangu, ukipeleka tena kwa fundi, muulize anatoa waya kwa njia gani. Akisema kwa moto wa wazi, chukua mota yako. Na hiyo iliyopo, mpe fundi akipime kwanza chuma cha stata kabla ya kununua shaba mpya. Chuma kikishaharibika, kusuka ni kutupa pesa. Inaniuma kusema hivyo lakini ni bora ujue.

---

msagishaji

Ahsante sana kijana wangu. Ni kweli walichoma, nilikuwepo. Waliwasha matairi. Sasa nimeelewa.

---

mama_wa_jikoni

Samahani kwa kuingilia, nafuatilia tangu jana ingawa fizikia niliiacha kidato cha pili. Hilo la chuma kuchemka limenifumbua macho. Nimenunua jiko la induksheni, sufuria zangu zote za alumini halizitambui, linalia tu. Ni kwa sababu hiyo?

---

Fundi Msukaji

Dada, umeunganisha mwenyewe. Kile ambacho ni ugonjwa kwenye stata, kwenye jiko lako ndiyo kazi. Chini ya kioo kuna koili ya shaba, usumaku wake unageuzwa zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na kitako cha chombo ndicho kinachozalisha mkondo na kuchemka. Kioo kinapata joto kutoka kwenye chombo.

Alumini inakosa mambo mawili. Haivutwi na sumaku, kwa hiyo haiukusanyi usumaku wa jiko. Na inapitisha umeme vizuri mno: mkondo unapita kirahisi, na mkondo unaopita kirahisi hauachi joto la maana. Jiko linahisi hakuna mzigo linaoufahamu, linakataa. Chungu cha udongo nacho halitakitambua, hakipitishi umeme kabisa.

Ukienda dukani beba sumaku ndogo. Ikinata vizuri kwenye kitako cha chombo, nunua. Sio steli zote zinanata, kwa hiyo jaribu kila moja.

---

kidato3

Shikamooni tena. Nimefanya. Waya nilipewa bure kama ulivyosema, mita nimeazima kwa fundi redio.

Mwanzo mshale haukucheza kabisa, nikadhani nimekosea kuhesabu. Kumbe ni vanishi, ncha moja sikuikwangua vizuri. Nilipoikwangua tena ukacheza. Nikisukuma haraka unakwenda kulia karibu vipimo 6. Nikisukuma polepole unafika 1 au 2. Nikivuta unataka kwenda kushoto chini ya sifuri, unagonga ukingo. Nikigeuza sumaku, kusukuma ndiko kunakwenda kushoto na kuvuta kunakwenda kulia. Nikiiacha sumaku imekaa pale mdomoni, sifuri.

Nimejaribu na jingine ambalo hukusema: sumaku nimeiweka mezani, nikausogeza mrija. Umecheza vile vile. Mdogo wangu alikuwa ananisomea mita.

---

mwl_fizikia

Hilo la kuusogeza mrija badala ya sumaku ni zuri sana. Liandike daftarini pamoja na yale mengine, na uniambie uko mkoa gani kwa ujumbe wa pembeni, nina galvanomita ya ziada.

---

Fundi Msukaji

Safi sana mdogo wangu. Sasa ongeza raundi 300 nyingine juu ya hizo hizo, kwa mwelekeo ule ule, usikate waya. Kabla hujasukuma sumaku, andika kwanza unadhani mshale utafika ngapi.